Matuta yaliyoachwa: Siku moja kwa gari magharibi mwa Ireland

BARABARA ya N59 inayotoka mji wa Galway kuelekea Connemara haina haraka. Kilomita 27 za mwanzo, hadi mji mdogo wa Oughterard, ni nyumba, bustani na ng'ombe walionenepa. Baada ya hapo miti inapungua, nyumba zinaachana, na milima inajitokeza mbele ya kioo. Kondoo wenye nyuso nyeusi wanalala pembeni mwa lami kana kwamba barabara ni ya kwao. Migongoni wamepakwa rangi nyekundu au buluu ili kila mfugaji awajue wake, kwa sababu milimani huko wengi wanachunga bila uzio.

Ni njia inayopendwa na familia za Galway siku za mapumziko. Jumamosi moja ya mwezi Mei ilipitwa na familia ya Watanzania watano ndani ya gari dogo la rangi ya kijivu. Mama wa familia ni muuguzi katika hospitali moja ya mji huo, na mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha. Nyuma walikaa mtoto wa kiume wa miaka tisa, mdogo wake wa kike wa miaka sita, na katikati yao bibi yao, mkulima wa viazi kutoka Njombe, aliyekwenda kuwatembelea wajukuu kwa miezi miwili.

Waliondoka saa mbili asubuhi. Mpango ulikuwa rahisi: kupita Connemara, kula chakula cha mchana Leenane, kuvuka hadi jimbo la Mayo kwa njia ya bonde la Doolough, kufika baharini Murrisk, kisha kurudi Galway kabla watoto hawajalala. Kwa ramani, mzunguko wote ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Kwa barabara za huko, hiyo ni kazi ya kutwa.

"Baridi hii naijua," Bibi alisema waliposimama kunyoosha miguu, akajifunga khanga ya pili juu ya koti. "Hii ni Njombe ya mwezi wa saba."

Jambo la pili alilolitambua ni upande wa kuendeshea. Ireland magari yanapita kushoto, kama Tanzania na Kenya, na usukani uko kulia. Lakini barabara nyingi za vijijini ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana lazima moja lisogee pembeni lipishe. Anayepishwa huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo shukrani. Watoto walikuwa wameshazoea. Bibi aliona kidole kimoja ni salamu ya choyo. Kila gari lililopita alilipungia mkono mzima na kusema "Kamwene," na mjukuu wake wa kike akaanza kumwiga.

Jumba la daktari tajiri

Baada ya Recess, gari lilikunja kulia na kuingia bonde la Inagh. Upande mmja ni milima ya Twelve Bens, upande wa pili ni ya Maumturk, na katikati kuna ziwa refu. Pande zote mbili za barabara ardhi ni kinamasi cheusi. Wenyeji hukikata vipande mithili ya matofali, wakavianika juani na upepo ukavikausha, kisha wakavichoma kama kuni. Hivyo ndivyo nyumba za magharibi zilivyopata moto kwa karne nyingi, maana miti ilikuwa michache.

Mwisho wa bonde hilo, ng'ambo ya ziwa dogo, linaonekana jumba la mawe lenye minara. Hili ni Kylemore, na picha yake iko kwenye kadi nyingi za posta za Ireland. Lilijengwa kati ya mwaka 1867 na 1871 na Mitchell Henry, daktari aliyeacha kazi ya tiba London baada ya kurithi utajiri wa baba yake, mfanyabiashara wa pamba wa Manchester. Alilijenga kwa ajili ya mkewe Margaret, mama wa watoto wake tisa, aliyelipenda bonde hilo.

Margaret hakulifaidi kwa muda mrefu. Mwaka 1874 familia ilisafiri kwenda Misri, akaugua ugonjwa wa kuhara damu, akafa akiwa bado katika umri wa miaka ya arobaini. Mwili wake ulirudishwa Kylemore na kuwekwa katika kijumba cha maziko kilichopo hadi leo kando ya ziwa. Mwaka 1920 jumba lilinunuliwa na masista Wabenedikto waliokuwa wamekimbia vita Ubelgiji, wakaendesha hapo shule ya wasichana hadi mwaka 2010.

Muuguzi aliwaeleza watoto wake habari hiyo wakiwa mbele ya maji. Mtoto wa kiume aliuliza swali ambalo wageni wengi huenda hulifikiria bila kulisema: kama mumewe alikuwa daktari na tajiri, kwa nini hakumponya?

"Kwa sababu wakati ule madaktari wenyewe hawakujua vizuri ugonjwa unaingiaje mwilini," mama yake alimjibu. "Anayeharisha anakufa kwa kuishiwa maji. Leo mtoto wa kijijini kwa Bibi anapewa maji ya chumvi na sukari yenye vipimo, anapona. Yule mama mwenye jumba lote hili hakuwa nayo."

Matuta ya Killary

Kutoka Kylemore hadi Leenane ni kama kilomita 20. Kijiji chenyewe ni kidogo, na kiko mwanzoni mwa mkono wa bahari unaoitwa Killary. Maji ya bahari yameingia kati ya milima kwa urefu wa kilomita 16 hivi, yakiwa yametulia kama ya ziwa. Upande wa kaskazini umesimama mlima Mweelrea, wenye mita 814, mrefu kuliko yote ya mkoa wa Connacht. Juu ya maji kuna mistari ya maboya. Chini yake zinaning'inia kamba, na kwenye kamba hizo wanafugwa kome.

Chakula cha mchana kilikuwa supu nzito ya samaki na maziwa, bakuli la kome, na mkate wa kahawia unaoumuliwa kwa magadi badala ya hamira. Mtoto wa kiume alikataa vyote akataka chipsi.

"Mume wangu, umevuka bahari kuja kula viazi?" Bibi alimtania. Kwa kawaida ya nyumbani kwao, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, na mtoto alishazoea kujibu kama mwenye nyumba. Alisema chipsi za Ireland ni tamu zaidi.

Ni baada ya chakula, familia ilipotoka nje kupiga picha, ndipo Bibi alipoacha kutazama maji akatazama mlima wa ng'ambo. Kwenye mteremko wa kijani ilionekana mistari iliyonyooka, sambamba, ikishuka kutoka juu kuelekea majini. Ilikuwa mingi, na ilipanda juu sana, hadi mahali ambapo sasa hakuna njia wala nyumba.

"Yale ni matuta," alisema. "Nani analima kule juu?"

Hakuna anayelima. Matuta yale yalipandwa viazi kabla ya njaa kubwa ya mwaka 1845 hadi 1852, na mengi hayajaguswa na jembe tangu wakati huo. Yamebaki kwa sababu hakuna aliyerudi kuyavuruga. Nyasi zimeota juu yake, kondoo wanapita, na jua likiwa la ubavuni kivuli kinayachora upya.

Bibi alikuwa na swali la kitaalamu. Kwao Njombe mkulima makini hukinga mteremko: tuta hulala kukatisha mlima ili maji ya mvua yasibebe udongo. Haya yanashuka na mlima. Jibu ni kwamba shida ya mkulima wa magharibi mwa Ireland haikuwa kuhifadhi maji bali kuyaondoa. Ardhi ililowa mwaka mzima. Mtu alitandaza mbegu juu ya nyasi, akaweka samadi au mwani uliobebwa mgongoni kutoka pwani, kisha akapindua udongo wa pande mbili na kuufunika. Mfereji ulioachwa kati ya tuta na tuta ulitoa maji. Kwa njia hiyo familia isiyo na chochote iliweza kupata chakula kwenye mteremko wa mawe ambao mwenye shamba hakuutaka kwa kazi nyingine.

Na walipata. Kiazi pamoja na maziwa ya mtindi kilikuwa mlo mkavu kwa maneno, lakini si mbaya kwa mwili: wanga, vitamini C, protini kiasi, madini. Mwanaume mfanyakazi aliweza kula kilo tano kwa siku au zaidi. Idadi ya watu ilipanda hadi sensa ya mwaka 1841 ikahesabu watu milioni 8.2 katika kisiwa kizima. Mamilioni kati yao walitegemea zao moja, na katika maeneo maskini kama haya walitegemea aina moja tu ya zao hilo. Iliitwa Lumper. Ilikuwa na maji mengi na sura mbaya, lakini ilizaa sana hata kwenye udongo hafifu.

Ugonjwa anaoujua mkulima wa Njombe

Mwaka 1845 majani yalianza kuwa na madoa meusi, yakalowa, yakaoza. Viazi vilivyochimbwa vikiwa vizima vilioza ghalani. Mwaka uliofuata hali ilikuwa mbaya zaidi. Kisababishi kilikuwa kimelea kinachofanana na kuvu, kinachoitwa kitaalamu Phytophthora infestans, kilichofika Ulaya kutoka bara la Amerika. Hupenda hewa ya baridi yenye unyevu, na mbegu zake husafiri kwa upepo na mvua.

Mkulima yeyote wa viazi mviringo wa Njombe, Mbeya au Nyandarua anakijua. Maofisa ugani wa Tanzania hukiita bakajani chelewa, na wakulima wengi husema tu ukungu. Bibi alipoelezwa na mkwewe, hakuhitaji maelezo marefu. Alisema anaijua harufu yake. Mwaka ambao binti yake huyu muuguzi alikuwa darasa la tano, mvua zilipitiliza, na shamba lililokuwa limestawi Jumapili lilikuwa limeungua Jumapili iliyofuata.

"Ulikuwa unatuambia viazi vimelala," binti yake alikumbuka. "Sisi tukadhani ni kweli."

"Ningewaambia nini? Mlikuwa watoto."

Hawakufa njaa mwaka ule. Kulikuwa na mahindi ghalani, maharage, kuku wa kuuza, na kaka wa Bibi aliyekuwa na kazi Makambako. Ada ilichelewa, paa lililokuwa libadilishwe likasubiri miaka miwili. Tofauti kati ya hasara ile na yaliyotokea Killary haikuwa ukali wa ugonjwa. Ilikuwa kwamba kwa Bibi kiazi kilikuwa zao la fedha na chakula kimoja kati ya vingi, na shamba lilikuwa la kwake.

Watu wa Killary walikuwa wapangaji. Nafaka na mifugo ilikuwepo Ireland wakati wa njaa, na sehemu yake iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa kuwa ilikuwa ya kulipia kodi ya ardhi na si ya kuliwa. Serikali ya London iliagiza mahindi kutoka Marekani, lakini watu hawakujua kuyapika, vinu vya kuyasaga vilikuwa vichache, na matumbo yaliyozoea viazi yaliyakataa. Hata walioshiba mahindi walianza kuvimba fizi na kutokwa damu. Kilikuwa kiseyeye, kwa sababu vitamini C waliyokuwa wakiipata kwenye viazi haimo kwenye uji wa mahindi.

Watu milioni moja hivi walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Waliouawa na njaa yenyewe walikuwa wachache kuliko waliouawa na magonjwa yaliyoifuata: homa kali zinazoenezwa na chawa, kuhara damu, na mwaka 1849 kipindupindu. Muuguzi alisema hilo halimshangazi. Mwili usio na lishe hauna askari, na watu waliosongamana katika nyumba za maskini wakigombea uji walipeana chawa kabla hawajapeana majina.

Barabara ya Doolough

Kutoka Leenane gari lilizunguka kichwa cha Killary, likapita maporomoko madogo ya Aasleagh na kuingia jimbo la Mayo. Barabara ya R335 inafuata maji kwa muda, kisha inageuka kaskazini kupita Delphi na kuingia bonde la Doolough, maana yake ziwa jeusi. Wapo wanaosema hakuna bonde zuri kuliko hili katika Ireland nzima. Milima inashuka moja kwa moja hadi majini pande zote mbili, na lami imebanwa katikati. Hakuna nguzo za umeme zinazoharibu picha, hakuna duka, na kwa dakika kadhaa hakuna nyumba.

"Watu wa hapa wako wapi?" Bibi aliuliza.

Mwaka 1841 jimbo la Mayo lilikuwa na watu karibu 389,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban 138,000. Kisiwa kizima cha Ireland, kwa kuunganisha Jamhuri na Kaskazini, sasa kina watu zaidi kidogo ya milioni saba, bado pungufu ya wale wa kabla ya njaa. Utulivu ambao watalii wanaufuata huku kwa sehemu kubwa ni mapengo ya watu.

Mwisho wa ziwa, pembeni mwa barabara, umesimama msalaba wa mawe usio na mapambo. Unakumbuka tukio la mwishoni mwa Machi 1849. Mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh ili wakaguliwe na kuthibitishwa kuwa bado wanastahili msaada wa chakula. Wakaguzi hawakuwakagua pale. Waliamriwa wafike asubuhi iliyofuata Delphi, kwenye nyumba ya mapumziko ya bwana mwenye ardhi, umbali wa karibu kilomita 19, la sivyo majina yao yafutwe. Walitembea usiku, katika mvua na baridi, wengine bila viatu, wamama wakiwa na watoto mgongoni. Simulizi za wenyeji zinasema walipofika wakaguzi walikuwa wanakula, wakaambiwa wasubiri, na baadaye wengi wakarudishwa mikono mitupu.

Wengine walianguka njiani wakati wa kurudi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Barua zilizochapishwa magazetini majira yale zinahesabu watu chini ya ishirini. Kumbukumbu za vijijini zinataja mamia. Familia ilikuwa inapita upande uleule waliorudia.

Kila mwaka mwezi Mei, shirika la Ireland liitwalo Afri huandaa matembezi ya kuwakumbuka katika barabara hiyo. Mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikuwa miongoni mwa waliotembea, na jiwe lililopo hapo linalitaja jambo hilo. Maneno yaliyochongwa msalabani hayaishii kwa waliokufa mwaka 1849. Yanawataja pia maskini wanaotembea kwa njaa katika nchi nyingine leo.

Bibi alishuka, akavunja kitawi cha maua ya manjano ya mti wa miiba uliojaa kando ya barabara, akakiweka chini ya msalaba. Mjukuu wake wa kike alitaka kujua watoto walibebwa na nini. "Na nguo," Bibi alisema. "Kama nilivyombeba mama yako." Mvua ilianza, wakarudi garini.

Waairishi hawajaisahau njaa yao, na imewapeleka mbali. Wasomaji wa Singida wanaifahamu Hospitali ya Makiungu, ambako walihudumu masista matabibu wa shirika lililoanzishwa na Mwairishi, Mama Mary Martin, mwaka 1937. Concern, shirika linalofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, lilizaliwa Dublin mwaka 1968 kwa ajili ya njaa ya Biafra.

Meli ya mifupa

Baada ya Louisburgh bahari inafunguka. Ghuba ya Clew ina visiwa vidogo vingi, na wenyeji husema ni 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Juu ya kijiji cha Murrisk umesimama mlima Croagh Patrick, mita 764, ambao mahujaji huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai, baadhi yao peku.

Chini ya mlima, ng'ambo ya barabara, kuna meli ya shaba nyeusi yenye milingoti mitatu. Ukiitazama kwa mbali inaonekana ina kamba na matanga yaliyochanika. Ukisogea unaona kwamba zile kamba ni mifupa ya watu inayopeperuka. Ni kazi ya mchongaji John Behan, na ndiyo mnara wa taifa wa njaa kubwa. Uliozinduliwa na Rais Mary Robinson mwaka 1997. Meli za aina hiyo ziliitwa meli za majeneza, kwa kuwa abiria wengi walifia njiani kwa homa. Katika kisiwa cha Grosse Île nchini Kanada, kilichokuwa kituo cha karantini, walizikwa zaidi ya watu 5,000 mwaka 1847 pekee.

Waliobaki walikuwa na desturi moja. Usiku kabla ya kijana kuondoka kwenda Marekani, familia ilifanya mkesha kama wa matanga: chakula kidogo kilichokuwepo, nyimbo, kilio. Kijana alikuwa hai, amekaa katikati yao, lakini wazazi walijua hawatamwona tena.

Muuguzi alipomfasiria mama yake habari hiyo, mumewe alikuwa amewapeleka watoto ufukweni kutafuta kokoto. Bibi alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe. Ilikuwa yapata saa moja jioni, lakini jua lilikuwa juu kama la saa tisa alasiri nyumbani.

"Na nyie mtarudi?" aliuliza.

"Mama, mimi naenda na kurudi. Mwaka juzi si nilikuja? Hawa walikuwa hawarudi."

"Nimeuliza mtarudi kukaa au mtarudi kuzika."

Binti hakujibu mara moja. Ana miaka sita Ireland. Nyumba anayojenga Njombe imefika kwenye linta. Mtoto wa kiume anasoma shule ambako hufundishwa Kiairishi, lugha ambayo njaa ile iliwapunguza sana wasemaji wake, na Kiswahili chake kinaanza kuteleza kwenye ngeli. Alisema watarudi kukaa, watoto wakimaliza shule. Kisha akasema ukweli mwingine, kwamba kila mwaka jibu hilo linakuwa gumu kidogo.

"Basi angalau wajue kulima," Bibi alisema. "Hata kwenye ndoo."

Watoto walirudi na mifuko iliyojaa kokoto, wamelowa hadi magotini. Familia ilipita Westport kununua maziwa na mkate, ikashika njia ya Ballinrobe kurudi Galway. Kabla ya kufika watoto walikuwa wamelala, na saa tatu usiku anga bado ilikuwa na mwanga. Wiki iliyofuata, kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yao ya kupanga, Bibi alijaza udongo katika ndoo tatu. Ndoo mbili alipanda viazi vya aina mbili tofauti. Ya tatu alipanda maharage.

Kwa familia inayopanga safari kama hii

Viza ya Schengen haimwingizi mtu Ireland. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Ireland yenyewe, na iombwe mapema.

Mgeni mwenye leseni halali ya udereva ya nchi yake anaweza kuitumia kwa muda wa matembezi, lakini kampuni za kukodisha magari zina masharti yao ya umri na ya kadi ya benki. Ni vema kuuliza kabla ya kulipa. Kiti cha mtoto si hiari.

Tangu Februari 2025 kasi ya juu katika barabara nyingi ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa. Kwenye kona za Doolough hata hiyo ni nyingi. Kondoo hawapigiwi honi, hupewa muda.

Mei na Juni mwanga unadumu hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo dereva anaweza kujisahau na kuendesha akiwa amechoka. Aliyetoka zamu ya usiku asishike usukani siku hiyo.

Kila mtu awe na koti la mvua, hata asubuhi ikiwa na jua. Kati ya Leenane na Louisburgh hakuna mahali pa uhakika pa kununua chakula, hivyo watoto wale kabla, na wabebewe maji.

Na wakiuliza kuhusu mistari ile mlimani, waelezwe.